Jembe la Apolo wa Mboga

Kila ifikapo tarehe 30 Mei, Waanglikana wa Uganda na wa Kongo ya mashariki humkumbuka mzee mmoja aliyefariki siku hiyo mwaka 1933 katika kijiji cha Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, pale nyanda za malisho zinapokutana na msitu wa Ituri. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Hakuwa chifu, hakuwa tajiri, wala hakuacha nyuma yake majengo ya kuwashangaza wapita njia. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Pamoja na hayo, jina lake limevuka mipaka ya nchi mbili, na hata Kanisa la Uingereza limemtia katika kalenda yake ya ukumbusho. Sisi hatuandiki habari zake leo kwa ajili ya kuhubiri, kwani kazi hiyo ina wenyewe. Twaandika kwa ajili ya jembe lake.

Msomaji asishangae. Katika safu hii tumekwisha kusema mara nyingi kwamba maneno matakatifu ni mepesi mdomoni na mazito mikononi. Tunao watu wengi wawezao kutaja sura na aya bila ya kufungua kitabu, na Jumatatu yao haitofautiani hata kidogo na Jumatatu ya mtu asiyejua lolote. Apolo alikuwa na aya chache, na tangu siku aliyozipata alizishika kama mtu ashikavyo mpini.

Alizaliwa Buganda katika miaka ya 1860, akaitwa Waswa, jina wapewalo watoto wa kiume wa Kiganda waliozaliwa pacha wakatangulia. Sisi tungemwita Kurwa. Ujana wake ulikutana na nyakati za misukosuko. Dini ya Kiislamu ilikuwa imekwisha kufika katika ikulu ya Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Mwaka 1877 wakaja wamisionari wa Kiprotestanti, na mwaka 1879 wakaja Wakatoliki wa Shirika la Mapadri Weupe. Hapa si vibaya kukumbusha kwamba mafundisho ya kwanza ya Kikristo huko Buganda yalitolewa kwa Kiswahili. Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, aliwasomea vijana wa ikulu Injili zilizofasiriwa Zanzibar na Edward Steere, kwa kuwa Kiganda kilikuwa bado hakijapata kitabu chake. Lugha yetu ilibeba mzigo huo mpaka kwenye mlango wa wenyeji, kisha ikaondoka njiani kama hamali mwema.

Kisha zikaja siku za damu. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi, na tangu mwaka 1888 Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda wakapigana wao kwa wao kugombea kiti na mashamba. Waswa alikuwa askari katika vurugu hizo. Alipata kuwa upande wa Waislamu, baadaye akahamia kwa Waprotestanti. Alikunywa pombe na kuvuta bangi kama askari wenzake. Ni wazi basi kwamba huyu hakuwa mtoto aliyelelewa kanisani akakua katika utulivu. Alikuwa mtu wa mkuki, aliyekwisha kuona jinsi wanadamu wanavyoweza kuchinjana huku kila upande ukitaja jina la Mungu.

Mwishoni mwa mwaka 1893 ulizuka mwamko mkubwa katika kanisa la Buganda, ukiongozwa na mmisionari George Pilkington, mtu yule aliyeifasiri Biblia kwa Kiganda. Vijana kwa mamia wakajitolea kwenda kufundisha vijijini, wakijenga vibanda vya matete vilivyokuwa shule na kanisa kwa pamoja. Waswa alikuwa miongoni mwa walioguswa. Alibatizwa mwezi wa Januari mwaka 1895, akachagua jina la Apolo, yule Myahudi wa Iskandaria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina lake la pili alipewa na watu. Alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi, nao wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kitokacho Bulaya, na Bulaya ya Waganda ndiyo Ulaya yetu. Lilikuwa jina la utani. Alilikubali akafa nalo, na pengine ndilo jambo pekee la Ulaya lililomganda maisha yake yote.

Mwaka uo huo wa 1895 alitumwa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Kutoka Toro, ukivuka bonde la Semliki na kupanda ukuta wa milima ya upande wa pili, unafika Mboga, nchi ya Wahema wafugaji, waliotawaliwa wakati huo na chifu Tabaro. Tabaro alikuwa ametembelea Toro na kuomba walimu. Walipelekwa Waganda wawili. Hawakudumu. Chifu aliwataka wafanye kazi za mikono kama watu wengine wa nchi yake. Wao walijiona waalimu, wakakataa. Chakula kikakatika, njaa ikawauma, wakarudi walikotoka.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana pasipo kuelewa jambo hili habari nzima ya Apolo haieleweki. Kwa desturi ya Waganda wa zama hizo, kulima migomba na viazi kulikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume alijenga, aliwinda, alipigana, alitumikia ikulu. Mwanamume aliyejua kusoma alijiona juu zaidi. Kumwambia mtu wa namna hiyo ashike jembe mbele ya Wahema, ambao nao waliwadharau wakulima na kutukuza ng'ombe, kulikuwa ni kumvua nguo hadharani. Wale waalimu wawili hawakuwa wavivu wala waoga. Walikuwa watu wa heshima, na heshima yao ndiyo iliyowafukuza Mboga.

Apolo alipoulizwa kama yu tayari kwenda mahali pao, alikubali, na mwishoni mwa mwaka 1896 akashika njia akiwa na jembe. Alivuka Semliki, akapanda mlima, akafika Mboga, akaanza kulima shamba la chakula chake mwenyewe. Alikata miti na matete akajenga nyumba ya ibada kwa mikono yake. Mchana alilima na jioni alifundisha kusoma, na waliofika kumsikiliza walikuwa wale wale waliomwona mchana ameinama shambani jasho likimtiririka. Mtume Paulo alishona mahema ili asiwalemee aliowahubiria, na barua zake zinalitaja jambo hilo bila ya haya. Maelfu wamezisoma barua hizo kabla ya Apolo na baada yake. Ni wachache waliofikia uamuzi kwamba yapasa kwenda sokoni kutafuta jembe.

Watu walianza kumfuata, na ndipo uadui wa chifu ulipoanza. Tusimhukumu Tabaro kwa haraka. Aliomba walimu akitarajia kusoma na kuandika, silaha mpya iliyowapa nguvu wenzake wa Toro na Buganda. Akajikuta na mtu anayekataza wake wengi, anayekemea ulevi, na anayewafanya watu waache matambiko yaliyoshikilia mamlaka ya chifu. Mtawala gani angekaa kimya? Alitoa amri Apolo apigwe, akapigwa mpaka akaachwa akidhaniwa amekufa. Nyumba ya ibada ikachomwa moto. Mwanamke mmoja akamwokota na kumuuguza kwa siri. Alipopona alirudi kwenye majivu, akaanza tena kukata matete.

Jaribu kubwa zaidi lilitokea kwa bahati mbaya tu. Siku moja, wakati wa kazi ya ujenzi, mkuki wa Apolo ulikuwa umelala umefichika katika majani yaliyokatwa. Ndugu wa kike wa Tabaro akaanguka juu yake, ukamchoma, akafa. Kwa chifu hiyo ilikuwa fursa isiyohitaji kutafutwa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji, akafungwa, akavushwa Semliki mpaka kwenye ngome ya Waingereza ya Toro, mji ambao baadaye uliitwa Fort Portal, akatiwa gerezani akiwa na minyororo. Haukuonekana ushahidi wa kwamba alikusudia kuua, na hatimaye akaachiliwa.

Katika siku hizo za dhiki aliona maono ambayo aliyasimulia mpaka uzeeni. Kristo alimtokea akimeremeta kama jua, akamtia moyo na kumwahidi kwamba atakuwa pamoja naye. Msomaji mwenye shaka ana haki ya kuwa na shaka. Sisi twatazama lile lililofuata, kwa sababu hilo halikuwa ndoto: mtu aliyetoka kifungoni, ambaye wenzake wangemwelewa kabisa kama angeomba kupelekwa mahali pengine, alirudi Mboga. Alirudi kwa watu waliompiga, katika nchi ya chifu aliyemtia minyororo, akiwa hana askari wala barua ya vitisho kutoka kwa mkuu wa ngome.

Tabaro hakutegemea kumwona tena. Alistaajabu, akaanza kumsikiliza, na mwishowe akaomba ubatizo, akaitwa Paulo. Wanatheolojia wanaweza kueleza jambo hilo kwa lugha yao. Kwa lugha ya kawaida, tunaona kwamba chifu yule alikuwa amezisikia hotuba za msamaha kwa muda mrefu na hazikumfanya lolote; kilichomtikisa ni kumwona aliyekosewa akirudi na jembe lake begani pasipo kudai fidia.

Apolo alifanywa shemasi mwezi wa Desemba mwaka 1900, na mwaka 1903 akawa kasisi. Miaka iliyofuata aliitumia hasa katika Toro, akizunguka vijijini na kusimamia waalimu, huku akiizuru Mboga alipopata nafasi. Ilikuwa miaka ya kazi nyingi yenye matukio machache ya kusimulia, nasi hatutaki kuyarefusha.

Iko hata hivyo hoja moja ambayo hatuwezi kuiacha. Waganda wengi waliosambaa magharibi na kaskazini mwa Uganda wakati huo hawakwenda kama watumishi. Walifuatana na utawala wa Waingereza wakapewa vyeo juu ya mataifa mengine, wakalazimisha Kiganda mashuleni na makanisani, na huko Bunyoro mwaka 1907 wenyeji waliwakataa waziwazi katika upinzani ulioitwa Nyangire. Apolo naye alikuwa Mganda, aliyefika kwa mara ya kwanza katika nchi hizo chini ya kivuli cha bunduki za Waingereza, akiwa na koti la kijeshi mgongoni. Ingekuwa rahisi kwake kuishi kama bwana mdogo. Tusimfanye malaika: alikuwa mtu wa zama zake, na mila nyingi za wenyeji aliziona kuwa giza tupu, jambo ambalo mjukuu wa Mhema au wa Mtoro ana haki ya kulijadili leo. Lakini alijifunza lugha za watu aliokaa nao, alikula walichokula, na hakuna aliyeweza kusema kwamba amemwona akikusanya ardhi au ng'ombe kwa ajili ya nafsi yake.

Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakikata mipaka. Mboga ilikuwa ikihesabiwa upande wa Uganda. Mpaka ulipopangwa upya katika miaka ya 1910 ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Chama cha wamisionari wa Kiingereza hakikuwa na kituo cha Wazungu huko, na wakristo wale wachache wakabaki kama mbuzi waliofungiwa nje ya zizi. Mwaka 1915 Apolo, akiwa sasa mtu mzima wa miaka takriban hamsini, akavuka tena Semliki na kurudi kwao. Hakuhama tena. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, cheo ambacho wengine wangekifanya sababu ya kuhamia mjini. Yeye alikipokea akarudi shambani.

Tangu mwaka 1921 moyo wake ulielekea msituni, kwa Wambuti. Hao ni watu wafupi wa kimo, wawindaji na wakusanyaji wa asali, ambao jirani zao wakulima na wafugaji waliwatumia kwa kubadilishana nyama na ndizi, lakini hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Tusijidanganye kwamba dharau hiyo imekwisha. Hata baadhi ya wakristo wa Mboga waliona ni kupoteza wakati kuwafundisha watu wasiokaa mahali pamoja, wasio na shamba wala paa la kudumu. Apolo aliingia msituni kwa miguu, akakaa nao katika vibanda vyao vya majani, akapeleka waalimu vijana waishi karibu nao. Ilifanyika kazi ya kuifasiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kabla ya kufa aliwaona wa kwanza wao wakibatizwa na kuketi kanisani pamoja na Wahema, na hapo ndipo tunapodhani penye uzito wote. Kuwahubiria watu unaowaona duni ni jambo linalowezekana, na hata linaweza kumfurahisha mhubiri. Kuketi nao benchi moja ni jambo jingine.

Hakuoa. Hata hivyo nyumba yake haikuwa na upweke, kwani ilijaa watoto na vijana aliowalea, kuwasomesha na kulima pamoja nao. Ameacha shajara alizoandika kwa Kiganda, ambazo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Atakayezitafuta kwa ajili ya fasaha na mafumbo hatatosheka. Ni kumbukumbu za mtu mwenye shughuli: safari, ujenzi, mafundisho, watu waliobatizwa. Mwandishi wa maneno mengi angejaza kurasa kumi kwa lile lililomchukua Apolo mistari miwili, nasi tunaoandika katika magazeti tunaona haya kidogo tukilifikiria.

Mwaka 1933 moyo wake ulidhoofika. Akiwa mgonjwa Uganda, mahali palipokuwa na waganga na marafiki wa siku nyingi, aliomba arudishwe Mboga akafie huko. Alivushwa Semliki kwa mara ya mwisho, akafa tarehe 30 Mei. Alikuwa ameacha maagizo kuhusu kaburi lake. Kwa desturi ya kwao, mtu afiapo ugenini hulazwa kichwa kikielekea nyumbani, na nyumbani kwa Apolo kulikuwa mashariki, Buganda. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, mahali ambapo kazi yake ilikuwa haijakwisha. Wakamzika hivyo.

Kanisa lile la matete limekuwa mama wa makanisa. Mwaka 1972 Boga, kama iandikwavyo sasa, ikawa dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo wakawa jimbo linalojitegemea, lenye waumini tangu Bunia hadi Lubumbashi. Kiswahili, hamali yule wa zamani, kimerudi na kuwa mojawapo ya lugha kuu za ibada zao. Lakini amani haikudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache tu baada ya siku ya ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha waliwashambulia wenyeji na wakimbizi wa Boga na Tchabi, wakaua zaidi ya watu 50. Waliosalia walikimbia kwa maelfu, wengine wakiwa na watoto mgongoni na vyombo vichache kichwani, na kaburi lenye kichwa kilichoelekea msituni likabaki nyuma yao.